Nyama ya Paja

Ijumaa ile Fundi Shehata alipanda mizani ya Ami Bayumi nje ya msikiti, akashuka akiwa ameongezeka tena, na wanaume wa mtaa wakampa hongera.

"Mashallah! Ini gani hilo linalonenepesha mtu?" alisema Metwalli, mchonga samani mwenzake. "Nitafutieni na mimi lenye ugonjwa kama huo."

Ami Bayumi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kipande cha zulia na kuwapima wapita njia, alikataa hata sarafu. "Leo bure. Mgonjwa anayepanda namna hii ananiletea wateja."

Shehata akavaa viatu vyake lakini hakuweza kufunga kamba, kwa sababu tumbo lilikuwa limekaa njiani. Mkewe Insaf, aliyekuwa akimngoja ng'ambo ya barabara na mfuko wa mboga, alivuka, akapiga goti mbele ya wanaume wote, akamfunga. Kidole chake kiligusa kifundo cha mguu wa mumewe. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale, kama pale mtu anapobonyeza unga uliokandwa. Insaf alilitazama. Halikujifunika upesi.

"Simama, mke wangu, watu wanatazama," alisema Shehata.

"Wanatazama mizani," alijibu Insaf.

Nyumbani, mama mkwe wa Insaf, Hajjat Tafida, alizipokea habari za mizani kama hakimu anayepokea ushahidi alioutegemea.

"Asali yangu hiyo," alisema. "Asali yangu, na juisi yangu ya miwa. Ini linapenda tamu. Nyama ni nzito kwa ini, mayai ni mazito, jibini ni nzito. Mimi nimeuguza ini kabla yako, binti."

Hilo lilikuwa kweli. Mji wao wote wa Dumyati uliuguza ini hivyo: tamu asubuhi, tamu jioni, na sahani ya nyama ikapitishwa mbali na mgonjwa. Baba yake Shehata alitibiwa kwa njia hiyo hiyo, akafa akiwa na uso uliojaa.

*

Hospitalini mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa, isipokuwa siku. Ini la Shehata lilikuwa limekauka likawa gumu, na Insaf ndiye aliyejitolea kumkatia kipande cha lake. Damu zao zilikubaliana. Ini la Insaf lilipigwa picha likaonekana zuri, na mfanyakazi wa mapokezi, alipokuwa akimrudishia picha zake, alimwonya: "Usinenepe tu, dada. Juzi mmoja amerudishwa kwa ajili ya mafuta." Insaf alilishika neno lile kama mtu anayeshika funguo.

Sasa walikuwa wamepelekwa kwa Daktari Nagwa, mwanamke mfupi wa idara ya lishe, mwenye mashine ndogo ya ultrasaundi juu ya meza ya magurudumu.

Shehata aliitazama mashine. "Daktari, mimi si mjamzito."

"Wote mnaniambia hivyo," alisema daktari. "Lala. Pandisha kanzu mpaka juu ya paja."

"Ugonjwa wangu uko tumboni."

"Tumboni kwako kuna maji. Nimechoka kutazama maji. Pandisha."

Shehata alimtazama mkewe kama anayeomba ruhusa ya kuvua nguo mbele ya mwanamke mwingine. Insaf akampandishia mwenyewe. Daktari akachukua utepe wa kupimia, kama wa fundi cherehani, akapima kutoka kwenye nyonga hadi kwenye goti, akatia alama ya kalamu katikati, akamwaga ute baridi juu yake. Kisha akaweka kichwa cha mashine pale kwa wepesi, bila kukandamiza, na kwenye kioo zikatokea tabaka.

"Hii juu ni ngozi," alisema. "Hii ni mafuta, na hivi vijito vyeusi ndani yake ni maji. Huu mstari mweupe chini kabisa ni mfupa. Na hii hapa katikati ndiyo nyama."

Shehata alikuwa amechonga miguu ya viti tangu utotoni. Alijiinua kwa kiwiko, akatazama tabaka zile kwa jicho la kazi.

"Iko wapi?"

"Hii."

"Hii? Hii ni vinia, Daktari. Hii ni ile mbao nyembamba tunayobandika juu ya kiti cha bei rahisi ili mteja aone ni cha fahari."

"Ni milimita tisa," alisema daktari. "Mama, panda wewe, mumeo aone mbao yenyewe."

Insaf alipanda upande wa pili wa pazia, na kioo kikageuzwa ili Shehata aone. Nyama ya paja la Insaf ilitokea nene, imejaa, kama mto mpya wa kiti. Milimita kumi na nane.

"Huyo ni mti mgumu mpaka ndani," alisema Shehata kwa sauti ndogo.

"Lakini anapanda, Daktari," alisema Insaf akishuka. "Kila Ijumaa mizani inapanda."

"Mizani inapima kila kitu, Mama. Maji yanapanda, nyama inashuka, mizani inajumlisha inasema heri. Mnampa nini kula?"

Insaf akataja asali, juisi ya miwa, halua na wali. Kwa kila alichotaja, daktari aliinamisha kichwa kama anayesikiliza majina ya marehemu.

"Nyama?"

"Tunamkinga nayo."

"Mwili usipoletewa nyama unakula ya kwake. Umeanza na mapaja. Sikilizeni. Jopo la upasuaji linakaa baada ya Idi Kubwa. Mtu mwenye paja kama hili akilazwa juu ya meza ile haamki kitandani, hata akipewa ini la simba. Nileteeni milimita kumi na moja, nitatia sahihi. Mayai, jibini, maharage, kuku, nyama. Ale kila baada ya muda mfupi, na ale tena kabla ya kulala. Akae kwenye kiti na kusimama, akae na kusimama, bila kushika kitu. Vidonge hivi vitamtoa maji. Na dawa hii ya kunywa," akaonyesha chupa, "ni tamu, lakini si ya kuburudika. Inasafisha tumbo ili uchafu usipande kichwani. Lazima aende choo kila siku, na si mara moja. Asiikose."

Walipofika mtaani kwao Shehata alimgeukia mkewe.

"Usimwambie Metwalli kuhusu mashine," alisema.

Metwalli alikwisha kujua. Mke wa binamu yake alikuwa amewaona kwenye foleni.

"Fundi!" alipaza sauti kutoka mkahawani. "Mvulana au msichana?"

"Yuko pajani," alisema mwingine. "Atazaliwa akitembea."

*

"Yai?" alisema Hajjat Tafida. "Yai, kwa mtu mwenye ini?"

"Daktari ndiye aliyesema, Mama."

"Daktari amezaa wangapi?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza." Hajjat akaiweka sahani ya yai mbali na mwanawe, kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Shehata aliangalia sahani ikienda. Insaf akairudisha. Binti yao Rawya, aliyekuwa akila ful, yale maharage ya kupondwa, kwa mkate, aliitazama sahani ikipita mbele yake huku na huku mpaka baba yake akalinyakua lile yai akalitia mdomoni zima.

"Limekwisha," alisema akiwa amejaa mdomo. "Sasa pumzikeni."

Kupata nyama ilikuwa shughuli nyingine. Insaf alisimama kwenye bucha nyuma ya mke wa mwenye ghala la mbao, akanong'ona alichotaka. Muuza nyama hakuzoea kunong'onewa.

"Robo!" alimpazia sauti msaidizi wake. "Mama Rawya anataka robo! Ya kupika au ya kunusa?"

"Ya dawa," alisema Insaf.

"Basi wangempimia duka la dawa," alisema mke wa mwenye ghala, na foleni ikacheka kwa adabu.

Robo ile ilipikwa, ikakatwa vipande, ikaingia kwenye sahani moja. Mchuzi uligawanywa kwa wengine. Rawya alipewa kipande kimoja, kwa kuwa alikuwa anakua. Insaf alichovya mkate kwenye mchuzi akiwa amesimama jikoni, mgongo kwa mlango, akasema kwamba harufu ya nyama tangu asubuhi imemshibisha. Hakuna aliyembishia. Na mfanyakazi wa mapokezi si alisema mwenye kutoa ini asinenepe? Insaf aliona mambo mawili yanakwenda kwa mpango mmoja, akafurahia akili yake.

Jioni Shehata alifanya mazoezi kwenye kiti ambacho mteja alikilipia nusu na hakurudi kukichukua, kiti cha kifalme chenye miguu ya simba. Alikaa, akasimama. Alikaa, akasimama. Mwanzoni alisimama mara chache akashikilia ukuta, na Hajjat, aliyekuwa akivuta tasbihi yake, alisema hajawahi kuona mtu akirukuu bila kibla.

*

Vidonge vilifanya kazi yake. Maji yakatoka, tumbo likashuka, mashavu yakaingia ndani. Ijumaa iliyofuata Ami Bayumi aliisoma mizani, akaipangusa kioo kwa mkono wa kanzu, akaisoma tena.

"Umeshuka, Fundi."

"Ni maji."

"Maji au si maji, umeshuka." Na safari hii alipokea sarafu.

Kila Ijumaa alishuka. Wanaume waliompa hongera sasa walimpa pole. Metwalli aliacha mzaha, jambo lililomtisha Shehata kuliko kushuka kwenyewe. Na Hajjat Tafida, aliyemwona mwanawe akinyauka huku nyama ikinunuliwa, alipiga hesabu yake.

"Nauliza tu," alisema siku moja mbele ya jirani aliyekuja kuazima ungo. "Nyama inaingia nyumba hii. Mwanangu anazidi kukonda. Sasa hiyo nyama inaliwa na nani?"

Jirani akakumbuka kwamba hakuhitaji ungo.

"Sema unachotaka kusema, Mama," alisema Insaf.

"Nimesema. Nauliza."

Insaf alijua la kujibu. Angeweza kuifunua sufuria, angeweza kumwita Rawya ashuhudie. Alichukua sahani akaziosha, na ile iliyokuwa safi akaiosha pia. Tangu siku ile Hajjat alihamishia kiti chake mlangoni mwa jiko. Kila chungu kilipofunuliwa alichungulia, na sahani ya mwanawe ilipopita aliifuata kwa macho mpaka ifike.

Kisha ikaja ile adhuhuri ya mkanganyiko. Shehata alirudi kutoka msikitini amevaa viatu vya mtu mwingine, viwili vya mguu mmoja. Hakuketi kula. Alipiga magoti kando ya meza, akachukua kipande cha msasa, akaanza kuupiga msasa mguu wa meza huku chakula kikiwa juu yake.

"Baba Rawya, unafanya nini?"

"Mteja anakuja."

"Mteja gani?"

Shehata alimtazama kwa upole mkubwa. "Wewe ni nani, mama?"

Hajjat akapiga yowe. "Yai! Nilisema! Yai limempanda kichwani!"

Jirani wa chini aliwabeba kwenye gari lake la kubebea mbao. Hospitalini walimtia dawa kutoka chini, mahali ambapo Shehata, akili zilipomrudia, aliomba pasitajwe mkahawani. Daktari Nagwa alikuja na maswali. Alikwenda choo? Insaf akasema hajui, siku hizi dawa anapewa na mama yake, ndiyo amani waliyopatana: chakula kwa mke, dawa kwa mama.

"Ile chupa tamu, Hajjat, umempa?"

"Nimempa."

"Kila siku?"

Hajjat Tafida akaweka sawa mtandio wake. "Chupa iliisha. Nikampa asali. Tamu ni tamu."

Insaf alikuwa na neno mdomoni, alilolitunza tangu siku ya jirani na ungo, na sasa lilikuwa limeiva. Alimtazama yule mwanamke mzee aliyeshika mfuko wa viatu vya mguu mmoja kifuani kama mtoto.

"Nami sikuangalia chupa," alisema Insaf. "Tuandikie nyingine, Daktari."

Hajjat hakusema ahsante. Lakini asali alirudisha kabatini, na mayai aliacha kuyasogeza.

*

Idi Kubwa ilikuja na nyama ya watu. Waliochinja waliwakumbuka, na kwa siku chache jiko la Insaf lilinukia kama la mwenye ghala. Shehata alikula mpaka akaombwa apumue. Kiti cha kifalme alikuwa anakikalia na kusimama bila kushika ukuta, na jioni moja alifunga kamba za viatu mwenyewe, kisha akazifungua, akazifunga tena ili Rawya aone.

Insaf alipanga mafungu: la leo, la kesho, la kuweka kwenye barafu. La kwake lilikuwa mchuzi. Sketi yake ilikuwa imeanza kumzunguka kiunoni. Akaifunga pini, akashukuru Mungu kwamba hatarudishwa kwa mafuta.

Siku ya kupimwa Hajjat Tafida alisema naye anakwenda. Alibeba mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, maana foleni ya hospitali ni ndefu na mwanawe lazima ale kila baada ya muda mfupi. Siku hizi alilisema hilo kama jambo alilolivumbua yeye.

Shehata alilala bila kuambiwa, akapandisha kanzu bila kuambiwa. Utepe, kalamu, ute baridi. Insaf alisimama kichwani kwake. Hajjat alisogelea kioo mpaka daktari akamwomba asiguse. Tabaka zikatokea. Vijito vyeusi havikuwepo.

"Kumi na moja," alisema Daktari Nagwa. Akasogeza kidogo. "Na nusu."

Hajjat akapiga kigelegele ndani ya kile chumba kidogo. Mtu fulani kwenye korido, asiyejua habari, akakijibu.

"Mizani ile ya Bayumi nitaikanyaga nikiwa na viatu!" alisema Shehata akiwa bado amelala, na akafunika macho kwa mkono, kwa kuwa taa ilikuwa kali.

"Sasa nionyeshe na ya huyu," alisema Hajjat akimnyooshea Insaf kidole. "Mwanangu ameniambia ni nene kuliko yake. Nataka kuona mwanangu bado kiasi gani amfikie."

"Hakuna haja, Mama. Daktari ana watu."

"Dakika moja," alisema daktari, aliyekuwa na furaha siku hiyo. "Panda."

Insaf alipanda. Pini ya sketi ikamchoma kidole. Daktari akaweka kichwa cha mashine, akatazama kioo. Akakiinua, akaongeza ute, akaweka tena kwa wepesi zaidi, kama anayedhani kosa ni la mkono wake. Akahamia paja la pili.

"Kumi na nne," alisema.

Akageuza kioo Insaf aone.

"Ilikuwa kumi na nane, Mama. Umeugua?"

"Hapana."

"Unakula nini?"

"Nakula."

"Nini?"

Insaf alitazama dari. "Mchuzi."

"Na?"

"Mkate." Kisha, kwa haraka: "Waliniambia nisinenepe. Mwenye kutoa ini asinenepe. Walisema hapa hapa, mapokezi."

"Usinenepe," alisema daktari taratibu. "Hakuna aliyekuambia uyeyuke." Akapangusa ute kwa karatasi, akaendelea kupangusa paja lilipokwisha kukauka. "Siwezi kutia sahihi. Yake naitia. Yako siitii. Mtu anayekula mwili wake mwenyewe hakatwi ini. Jopo la mwezi huu limewapita. Mtakuja la baadaye, kama Baba atalinda alichokipata, na kama wewe utarudisha chako."

"Na ini lake litangoja?" aliuliza Insaf. "Daktari, litangoja?"

"Sijui," alisema Daktari Nagwa. "Lazima lingoje."

Shehata alikuwa ameketi, kanzu bado iko juu ya magoti, akilitazama paja lake kama kitu alichokikuta mfukoni na si chake.

"Litangoja," alisema. "Nimelizoea."

*

Walikaa kwenye benchi la korido. Mbele yao watu walipita na karatasi zao. Shehata alikaa upande mmoja wa mkewe, Hajjat upande wa pili. Mwanamke mzee alikuwa ameangalia kile kioo kuliko wote, na alichokitafuta tangu ile siku ya ungo alikuwa amekipata: alijua sasa nyama ilikuwa inaliwa na nani, na ilikuwa inatoka wapi.

Alifungua mfuko. Akatoa yai, akaligonga kwenye ukingo wa benchi, akalimenya taratibu, akikusanya maganda kwenye kiganja. Shehata akanyoosha mkono kwa mazoea. Hajjat akaupiga kofi.

"Si lako."

Akamkabidhi Insaf. Insaf alilishika, likiwa bado na joto la mfuko.

"Mama, ni la Baba Rawya, wakati wake wa kula ume—"

"Kula nikuone."

Insaf alikula. Lilikuwa kavu, bila chumvi, na lilipita kooni kwa shida, machozi yakamtoka kama mtu aliyepaliwa. Hajjat Tafida alimtazama mpaka mwisho.

"Fungua mdomo," alisema.

Insaf, mwanamke mzima, katikati ya korido ya hospitali, akafungua mdomo. Hajjat akainama akachungulia ndani, kama alivyochungulia vyungu vyote vile, akaridhika, akagonga la pili.